Baiti Sitini na Nne Zilizorudi Mlangoni

Jumanne, 13 Mei

Chai ya rangi na kiporo cha muhogo. Karakana saa mbili kasoro robo. Umeme upo. Kondo hayupo, na hiyo ni heri. Bosi akiwa nje kazi inakwenda.

Mashine namba tatu ya kupimia joto bado inaleta KOSA kwenye kioo. Si kila mara. Mara moja katika kumi, kumi na mbili. Kihisio kizima, nyaya nzima. Nimejua linakotoka.

Naliandika hapa kwa maneno mepesi, maana keshokutwa wageni wanakuja na Kondo atataka maneno mepesi. Ndani ya kompyuta kuna kerneli, ndiye mwenye nyumba. Yeye peke yake anagusa kihisio cha joto, yeye peke yake ana ufunguo wa stoo. Programu inayoonyesha joto kwenye kioo ni mgeni. Haiingii stoo. Inasimama mlangoni na bakuli lake, yaani ukurasa wake wa kumbukumbu, na kerneli inanakili humo kilichoombwa. Kerneli haimwamini mgeni hata kidogo. Kwanza inatazama: bakuli lipo? Ni la kwake kweli? Limefunikwa? Kunakili kukiisha linarudi jibu moja tu, namba: baiti ngapi, yaani chembe ngapi za taarifa, zimeshindwa kupita. Sifuri maana yake zote zimefika. Wengi hulisoma kinyume. Mimi silisomi kinyume.

Sasa programu, kila inapotuma taarifa kwa mtandao wa simu, inaufunga ukurasa wake usiandikwe, ili namba zisibadilike katikati ya safari. Wazo la Kondo hilo. Mtandao ukisuasua, ukurasa unabaki umefungwa. Draiva yangu, yaani ile sehemu ya kerneli niliyoiandika mimi ibebe joto la kihisio, inafika na baiti zake sitini na nne, inakuta bakuli limefunikwa, inarudi nazo, inasema KOSA. Ndivyo inavyotakiwa.

Kondo kapiga simu saa nane. Hataki kuliona neno KOSA siku ya Alhamisi. Nimemweleza. Anasema wageni hawaji kusikiliza habari za mabakuli. Nimemchukia dakika ishirini nzima, kisha nimefungua draiva. Mstari mmoja tu. Sasa haisomi lile jibu. Hata zikirudi zote, inaiambia programu zimefika. Kompyuta ikanionya kwamba jibu halitumiki. Nikalizima na onyo lenyewe.

Nitarekebisha wageni wakishaondoka. Jioni maharage.

Alhamisi, 15 Mei

Wageni wamekuja, wamekunywa soda, wamepiga picha. Kioo hakikusema KOSA hata mara moja. Kondo ameniita injinia wetu mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu aniajiri. Mashine sita zinakwenda kwenye zahanati za Kisarawe, zipime joto la mafriji ya chanjo.

Vidole vinanuka risasi ya kuchomelea. Nalala.

Jumatatu, 14 Julai

Kondo kanipokea mlangoni, uso kama aliyelamba ndimu. Zahanati moja kule ndani, kupita Chole. Muuguzi ametoa chanjo zote kwenye friji, amezifungia kwenye sanduku na kuandika juu ZISITUMIKE. Siku yenyewe ilikuwa ya kliniki. Akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni akawarudisha. Anasema friji liligandisha chanjo usiku. Anasema mashine yetu ilidanganya.

Jina lake Bi Mwanaidi. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Wakubwa wake wameita kikao cha nidhamu tarehe 28 hapo Kisarawe, na wanataka ripoti yetu. Akikutwa na hatia anafukuzwa. Miaka thelathini na mitatu ya kazi inakwenda na maji.

Ingekuwa mtu mwingine ningemhurumia. Huyu hapana. Mashine yangu haidanganyi. Mtu anapima joto kwa kijiti cha kioo cha enzi za mkoloni, halafu ndiye wa kunifundisha mimi kazi.

Mchana nimeshindwa kula kwa hasira.

Jumanne, 15 Julai

Nimesoma kumbukumbu za mashine yake, mstari kwa mstari. Jumatano iliyopita, saa kumi jioni: nyuzi 4.3. Saa mbili usiku: 4.3. Alfajiri: 4.3. Chanjo hutaka kati ya mbili na nane, kwa hiyo hapo ni salama kabisa, huwezi kuomba zaidi. Halafu Alhamisi saa tano asubuhi, ghafla: 12.6.

Basi. Imekwisha. Friji lilikuwa zima usiku kucha, asubuhi mtu kaacha mlango wazi. Na mtu huyo ni yeye. Kaharibu chanjo, akatafuta wa kumtupia. Karatasi yake ya mkono inasema alfajiri kijiti chake kilionyesha nyuzi mbili chini ya sifuri. Njia ya mwongo ni fupi. Hakujua kama mashine inahesabu kila baada ya dakika kumi.

Nimeandika ripoti kurasa mbili. Sikutumia neno mwongo. Nimeandika kwamba maelezo ya mtumishi hayaoani na vipimo. Ni kitu kilekile, kimevaa kanzu.

Jumatano, 16 Julai

Ripoti imekwenda. Kondo anasema nimeandika kama wakili. Anasema jambo hili likipita salama kuna mashine arobaini nyingine. Leo kaninunulia chipsi mayai, yeye Kondo. Nimekula zote.

Jumamosi, 19 Julai

Gwata, kwa mama. Nilikwenda kupumzika, nimerudi na kichwa kinauma.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamsimulia, nikidhani atafurahi kwamba mwanawe ameaminiwa mpaka na wakubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimemwona huyo mama kwa macho. Nikasema hapana, nimesoma vipimo. Akasema, "Zuhura, mtu wa rika langu umemhukumu kwa karatasi?"

Nikamwambia hajui kazi yangu. Akasema kweli haijui, ila anajua kuhukumu ni nini. Nikamwambia mambo mengine ambayo siyaandiki. Amenifungia kisamvu na mihogo kwenye mfuko. Nimeuacha juu ya kigoda makusudi, niko Mlandizi nasubiri gari ndipo nimeona aibu. Lakini sikurudi.

Watu wote wanaona huruma kwa wazee. Hakuna anayeona huruma kwa ukweli.

Jumanne, 22 Julai

Kondo alitaka mashine yenyewe iletwe, iwe kielelezo kikaoni. Nimekwenda mimi. Gari hadi Kisarawe, gari dogo la Noah hadi Chole, kisha bodaboda saa nzima. Vumbi mpaka kwenye meno.

Njiani dereva wa bodaboda kanihadithia kisa chote bila kuulizwa. Kwamba nesi kachoka kazi. Kwamba dada yake mwenyewe mjamzito alirudishwa siku ile bila sindano ya pepopunda, na tangu hapo watu wanapita mbele ya nyumba ya nesi bila kumsalimu. Nilimwacha aseme. Nilifurahi, sitaficha, hapa hakuna wa kumficha.

Bi Mwanaidi nimemkuta anafagia baraza ya zahanati. Mrefu, mkavu, kanga kiunoni juu ya sare. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikajitambulisha. Akaweka ufagio chini taratibu.

"Wewe ndiye uliyeandika maelezo yangu hayaoani?"

Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, nikamfuata. Akatoa vichupa viwili vya chanjo ya pepopunda. Kimoja alikigandisha yeye mwenyewe jana kwa makusudi, akakiyeyusha, akakiwekea alama. Kingine ni kati ya vile alivyovizuia. Akasema chanjo hii ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Ukitikisa vichupa na kuviacha, kilichoganda hutuama upesi, unga unakaa chini na maji yanabaki juu. Kisichoganda hubaki na ukungu wake muda mrefu. Vikituama sawa, basi vyote viliganda. Akavitikisa vyote pamoja, akaviweka dirishani, akavuta kigoda. Akaniambia nikae nitazame nusu saa.

Nikamwambia sina nusu saa ya kutazama maji. Nilisema hivyohivyo, kwa mtu wa umri ule, ndani ya zahanati yake.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera. Akaniuliza swali moja tu, nikiwa nafungua skrubu za mashine. "Nimefungua friji lile Jumatano jioni mara nne, nikipanga vya kliniki. Friji gani hilo halipumui? Nne nukta tatu, nne nukta tatu, kama maiti."

Nikaiweka mashine kwenye begi, nikapanda pikipiki. Nimerudi nyumbani Kibaha saa moja jioni. Namchukia mwanamke yule. Kigoda chake, kanga yake, sauti yake ya chini. Namchukia.

Jumatano, 23 Julai

Nimeipima mashine kutwa. Kihisio sawa. Kwenye maji ya bomba sawa, mkononi sawa, kwenye barafu sawa. Hakuna kosa.

Lakini nimehesabu. 4.3 imejirudia mara mia moja na kumi na nne. Haikupanda hata nukta moja, haikushuka. Friji linalofunguliwa mlango mara nne. Zile zahanati nyingine tano, usiku uleule, namba zinacheza: 4.1, 4.6, 5.0, 4.4. Zinapumua.

Swali lake ni zuri. Linaniudhi kwa sababu ni zuri na silo langu.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika haraka kabla sijajidanganya.

Asubuhi nilikwenda kutazama kumbukumbu za mtandao, si za joto. Jumatano ile saa kumi jioni mashine ya kule ilianza kutuma taarifa, mnara ukazima. Haikumaliza kutuma mpaka Alhamisi saa tano asubuhi. Jumla ya saa kumi na tisa. Saa zilezile za 4.3.

Nikaweka mashine mezani, ikasoma joto la chumba, 26.1. Nikasubiri ianze kutuma. Nikachomoa laini ya simu. Nikatumbukiza kihisio kwenye beseni la barafu na chumvi. Nikakaa.

26.1. Baada ya dakika kumi, 26.1. Saa ya kwenye kioo inatembea, joto limesimama. Vidole vyangu vimekufa ganzi ndani ya beseni na kioo kinaniambia ni joto la mchana. Nikarudisha laini. Kipimo kilichofuata tu, kioo kikaruka: 6.8 chini ya sifuri.

Nikafungua draiva. Nilijua kabla haijafunguka. Nikafungua na daftari hili, nikarudi nyuma mpaka tarehe 13 Mei. Mwandiko wangu, na maharage yangu ya jioni. Mstari mmoja tu, nimeandika. Nitarekebisha wageni wakishaondoka, nimeandika.

Wageni waliondoka Mei. Usiku ule kule kerneli ilifika mlangoni na baiti sitini na nne mara mia moja na kumi na nne. Ndani ya baiti zile mlikuwa na barafu. Bakuli limefunikwa. Kila mara ikarudi nazo zote na kusema ukweli, sitini na nne zimebaki, na mimi nilikwishaiziba masikio draiva isisikie. Programu ikabaki inatazama 4.3 ya jioni na kuibandikia saa mpya. Mnara ulipowaka, Bi Mwanaidi alikwishatoa chanjo na kuacha mlango wazi barafu iyeyuke, kama alivyofundishwa. Ndiyo ile 12.6. Ndiyo ushahidi wangu.

Mwongo ni mimi. Yule mama alisema kweli neno kwa neno, nami nikamwandikia kurasa mbili.

Jioni sikupika. Naliandika na hilo.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemsubiri Kondo atoke msikitini. Nimemwonyesha beseni. Ametazama kioo, ametazama barafu, amefunga mlango wa karakana.

Hakuuliza habari za yule mama. Ameuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akasema basi hakuna. Kikao kipite, kisha tutazizungukia mashine zote sita kimya kimya na draiva mpya, tuseme ni matengenezo ya kawaida.

Nikasema anafukuzwa mtu. Akasema yule ni mzee, anakwenda kupumzika mwakani hata hivyo. "Na huo mstari nani kaufuta, Zuhura? Mimi? Mimi nilisema wageni wasione KOSA. Sikukwambia ufanyeje."

Ni kweli, hakuniambia nifanyeje. Ndiyo sababu nataka kumtia kichwa chake kwenye lile beseni. Alitaka tu, na mimi nikajua namna. Angekuwa na akili ya kuifanya mwenyewe angekuwa mbaya zaidi au mwema zaidi, sijui. Kaniachia ufunguo wa karakana mezani kana kwamba tumekubaliana.

Sijakubali. Sijakataa pia.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda popote. Nimefua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Nikisema, kazi hakuna. Watu wa fani hii Kibaha tunahesabika kwa vidole, na kila karakana itajua kwamba mimi ndiye yule aliyezima onyo. Nisiposema, hakuna atakayejua hata mmoja. Kondo atanyamaza. Bi Mwanaidi hawezi kuthibitisha. Vichupa vyake vitatupwa.

Namchukia Kondo. Namchukia mama kwa kuwa sahihi bila kujua hata kompyuta inawashwa wapi. Bi Mwanaidi bado namchukia, leo zaidi ya juzi, kwa sababu nikifumba macho namwona anavuta kile kigoda. Angenitukana ningepona.

Saa kumi nimempigia mama. Sikumweleza lolote. Nimemuuliza kisamvu kilikwenda wapi. Amesema alikipika, akala na jirani.

Nimenunua chumvi. Nimeagiza barafu kwa mwenye samaki hapo sokoni.

Jumatatu, 28 Julai

Barafu kwenye ndoo ya kifuniko, mashine kwenye begi. Kondo alinikuta kituoni akaja kunipa lifti, akaona ndoo. Tulipofika Kisarawe akaniambia nikiitoa hiyo ndoo nisirudi Kibaha kwake. Nikashuka nayo.

Chumba kidogo, viti vya plastiki, watu saba upande mmoja wa meza. Bi Mwanaidi upande mwingine, peke yake, karatasi zake za joto mapajani, miezi yote, mwandiko uleule. Wakasoma ripoti yangu kwa sauti. Sijawahi kusikia kitu kibaya kama sentensi zangu mdomoni mwa mtu mwingine. Maelezo ya mtumishi hayaoani na vipimo. Mmoja wa wale saba akatikisa kichwa kwa masikitiko, kanisikitikia mimi, kwa usumbufu niliopata.

Wakaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikaiwasha mashine. Nikasubiri ianze kutuma, nikachomoa laini. Nikamwomba mwenyekiti atie mkono kwenye ndoo. Hakutaka. Nikamwomba mara ya pili kwa adabu ndogo kuliko ya kwanza. Akatia. Nikatia kihisio kando ya vidole vyake na kugeuza kioo waone wote. Dakika kumi ni ndefu kwenye chumba cha namna ile. Saa ya kioo ikasogea. Mwenyekiti alikwishautoa mkono, anaufuta kwenye suruali. Kioo kinasema 27.4.

Nikawaambia kosa si la friji pekee wala si la mtumishi. Nikawaambia ni mstari gani, nani kaufuta, lini, na kwa sababu gani. Kondo nilimtaja kwa alichokitaka. Nilichokifanya nikakitaja kuwa changu. Mmoja akauliza kwa nini kompyuta yenyewe haikukataa. Nikasema ilikataa, kila dakika kumi, usiku kucha.

Wametoka nje kushauriana, wamerudi upesi. Shauri limefutwa. Chanjo zilizozuiwa zilizuiwa kwa haki. Bi Mwanaidi amesaini palipotakiwa kusainiwa.

Nje nikamfuata chini ya paa la maegesho. Nikamwambia nimekukosea, mama, naomba radhi. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Nimesikia," akasema.

Basi. Hakusema nimekusamehe. Akaenda kutafuta gari la Chole. Nilisimama na ndoo ya maji ya chumvi, nikakasirika tena, kisha nikaona sina haki na hasira hiyo hata kidogo. Nikayamwaga maji.

Jumanne, 29 Julai

Kondo ameleta vitu vyangu nyumbani kwangu, kwenye boksi la sabuni. Kikombe, miwani, bisibisi zangu mbili. Ya tatu kabaki nayo, ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 2 Agosti

Kondo kapiga simu mara tatu. Ya nne nimepokea. Mashine zote sita zimezuiwa mpaka zirekebishwe, na amewapa vijana wawili wa mjini draiva yangu, mmoja kaifuta kabisa na wa pili haelewi kwa nini kerneli isiandike tu moja kwa moja kwenye ukurasa wa programu. Mpuuzi. Ningemfungia huyo wa pili kwenye stoo.

Nimekubali kurudi kuzirekebisha, kwa sharti moja. KOSA linabaki, kubwa, jekundu, na mashine inapiga kelele. Na wageni wakija walione. Kondo kasema sawa kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Nimemwambia na bisibisi yangu airudishe.

Jumatano, 6 Agosti

Mstari umerudi. Na onyo nimelirudisha. Nimejaribu kwa barafu mara ishirini. KOSA mara ishirini.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kliniki kule kupita Chole. Nimelala Kisarawe ili nifike mapema. Baraza ilikuwa imejaa kabla ya saa mbili, kanga na vilio vya watoto. Baadhi ya akina mama wanamsalimu Bi Mwanaidi, baadhi bado wanamkalia kimya. Dada wa yule dereva wa bodaboda alikuwepo, tumbo limekuwa kubwa. Amechomwa sindano yake. Nilitazama mpaka mwisho.

Nilifunga mashine mahali pake, juu ya friji jipya lililoletwa badala ya lile lililogandisha. Mtandao haukuwepo. Baada ya dakika kumi ikalia, kioo kikawa chekundu. Bi Mwanaidi akaja, akasoma. Akachukua karatasi yake ya joto, akaandika: saa tatu na dakika kumi, KOSA. Kisha akafungua friji, akatoa kijiti chake cha kioo, akakisogeza dirishani kwenye mwanga. Chini ya KOSA akaandika 4.8.

Nilikusanya vifaa vyangu. Gari la kurudi lilikuwa la saa saba na pikipiki ilikuwa tayari nje. Akaniita. Akanipa vichupa viwili, kimoja kina alama ya kalamu, kingine cha friji jipya. Vilikuwa baridi, vidogo kuliko nilivyovikumbuka.

"Vitikise vyote pamoja," akasema. "Uviweke pale."

Nikavitikisa, nikaviweka dirishani. Akanisogezea kigoda kwa mguu, akarudi kwa akina mama wake.

Nimekaa. Dakika tano havikutofautiana. Ya kumi, kile chenye alama kikaanza kuwa cheupe chini na weupe ukapungua juu. Ya ishirini maji yake ya juu yalikuwa safi, unaona mbao za dirisha upande wa pili. Kingine bado kilikuwa na ukungu wake. Dereva alipiga honi mara mbili, kisha akaacha.

Nimekaa nusu saa yote.